Nani Aliyeridhia? Kituo cha Tunguu na Mipaka ya Diplomasia ya Umma Unguja, 1960–1965

Jioni ya Jumanne, tarehe 20 Februari 1962, Unguja ilikuwa katikati ya mfungo wa Ramadhani. Mwezi ulikuwa mpevu, maji ya bamvua, na katika vijiji vya pwani ya mashariki, Chwaka, Uroa na Pongwe, ilikuwa imebaki kama nusu saa tu jua litue na watu wafuturu. Wakati huo huo, juu mno ya vichwa vyao, rubani wa Kimarekani John Glenn alikuwa akizungumza kwa redio na watu walioketi mbele ya mitambo huko Tunguu. Alikuwa amerushwa kutoka Cape Canaveral muda usiofika dakika 40 kabla ya hapo. Alikwisha kuivuka Afrika kwa njia ya Kano, na mbele yake kulikuwa na Bahari ya Hindi, meli ya Coastal Sentry iliyokuwa ikimsubiri, na usiku wake wa kwanza angani.

Uroa na Tunguu zimo katika wilaya moja, Wilaya ya Kati. Mtu anayetoka Uroa kwenda Tunguu hupita Chwaka na Dunga, na safari yenyewe si ndefu. Lakini katika historia iliyoandikwa, umbali baina ya sehemu hizi mbili ni mkubwa sana. Tunguu imo katika vitabu vya historia ya safari za anga na katika kumbukumbu za wanadiplomasia. Uroa, na vijiji vilivyo mfano wake, imo kwa jina la jumla tu: "wenyeji", "maoni ya umma", na pengine "wananchi waliopotoshwa". Makala hii inachunguza kile kilichokuwamo ndani ya jina hilo la jumla. Hoja yake ni kwamba kituo cha Tunguu hakikushindwa kwa sababu watu wa Unguja hawakuelezwa kazi yake. Walielezwa, na kwa kiasi kikubwa walielewa. Kilichokosekana ni jibu la swali ambalo maelezo yale hayakuligusa: ni nani, kwa niaba yao, aliyeridhia kituo kijengwe?

Swali hili lina uzito kwa taaluma ambayo leo huitwa diplomasia ya umma. Istilahi hiyo, kwa maana inayofundishwa sasa vyuoni, ilianza kutumiwa mwaka 1965 na Edmund Gullion, aliyekuwa balozi wa Marekani nchini Kongo kabla ya kuiongoza Skuli ya Fletcher katika Chuo Kikuu cha Tufts. Kituo cha mafunzo kilichoanzishwa hapo kilipewa jina la Edward R. Murrow, mtangazaji aliyeliongoza Shirika la Habari la Marekani kuanzia 1961. Kwa hiyo taaluma ilipewa jina lake na watu waliotoka moja kwa moja katika Afrika na katika propaganda ya miaka ileile ambamo Tunguu ilijengwa, ikafanya kazi na ikavunjwa. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba Tunguu yenyewe haitajwi sana katika mafunzo hayo.

Kabla ya roketi

Marekani haikuwa mgeni Unguja. Mkataba wa biashara baina yake na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na ubalozi mdogo wa Marekani ukafunguliwa mjini mwaka 1837. Miaka mitatu baadaye jahazi la Sultana lilitia nanga New York likiwa na mjumbe wa Sayyid, Ahmad bin Na'aman. Safari hiyo inafaa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba katika mawasiliano ya kimataifa Unguja ilikuwa mpokeaji tu. Kwa mtu wa shamba, hata hivyo, Marekani ilijulikana kwa kitambaa. Merikani ilivaliwa, ilitumiwa kama fedha katika misafara ya bara, na hatimaye jina lake likawa neno la Kiswahili ambalo msemaji hahitaji kujua lilikotoka. Hakuna shirika la habari lililowahi kupata mafanikio kama hayo. Kitambaa hakikuhitaji kuelezwa. Mtu alikishika, akakipima, akakubali bei au akaikataa.

Ubalozi huo ulifungwa mwaka 1915. Ulipofunguliwa tena mwaka 1961, sababu kubwa haikuwa biashara wala karafuu. Sababu ilikuwa Tunguu.

Saini ya London

Mradi wa Mercury wa NASA ulihitaji mkufu wa vituo vya kuzunguka dunia, ili chombo chenye mtu ndani kisiwe kimya kwa muda mrefu kati ya kituo na kituo. Vituo 18 vilipangwa, vikiwamo viwili vya melini, na kwa upande wa Afrika Mashariki ramani ilielekeza Unguja. Hati za makubaliano zilibadilishwa London tarehe 14 Oktoba 1960 baina ya serikali ya Uingereza na ya Marekani. Unguja ilikuwa nchi lindwa. Serikali yake, chini ya Sultani na Mkaazi wa Kiingereza, iliafiki. Kisheria hapakuwa na kasoro.

Kasoro ilikuwa katika wakati. Uchaguzi mkuu wa kwanza wa kuunda serikali ya ndani ulikuwa umepangwa kufanyika Januari 1961, miezi mitatu tu baada ya saini ile. Waliokuwa wakiomba kura walikuwa wakiwaambia watu kwamba sasa mambo ya nchi yatakuwa mikononi mwao. Na hapohapo watu wakaona ardhi ya Tunguu ikitengwa kwa mradi ambao hakuna mtu yeyote waliyemchagua aliyewahi kuujadili. Ndipo chama cha Hizbu, yaani Zanzibar Nationalist Party, hasa mrengo wake wa kushoto chini ya katibu mkuu wake Abdulrahman Mohamed Babu, kilipoanzisha kampeni ya kukipinga. Kampeni ilikieleza kituo hicho kuwa ni cha roketi, kitu cha vita ambacho kingekitia kisiwa katika ugomvi wa mataifa makubwa. Maandamano yakafanyika mjini.

Marekani na serikali ya Unguja zilijibu kama zinavyojibu serikali nyingi: zilieleza. Kituo kitapokea ishara tu, hakitarusha chochote, NASA ni taasisi ya kiraia, matokeo ya utafiti yatakuwa ya wanadamu wote. Maelezo haya yalikuwa ya kweli katika sehemu kubwa, na hapo ndipo wachambuzi wengi wa baadaye huishia. Kwao, Tunguu ni kisa cha ukweli wa kisayansi ulioshindwa na uvumi wa kisiasa. Don Petterson, aliyekuwa ofisa wa ubalozi mdogo wa Marekani Unguja wakati wa Mapinduzi na ambaye kitabu chake cha mwaka 2002 ni chanzo kisichoepukika, huiona kampeni hiyo kwa jicho la mtu aliyeishi na matokeo yake, na si haki kumlaumu kwa hilo. Lakini mwanahistoria hana budi kuuliza: kwa nini uvumi ule ulipata masikio mazuri kiasi kile?

Sindano ya Kiembe Samaki

Jibu la kwanza liko mashambani, nalo lilitangulia roketi kwa miaka 9. Mwaka 1951 serikali iliamuru ng'ombe wachanjwe kukinga kimeta. Wakulima wa Kiembe Samaki, ambao baadhi yao walikuwa wamepoteza ardhi kwa ajili ya upanuzi wa uwanja wa ndege, walikataa. Waliokataa walishtakiwa, umati ukajitokeza kuwatetea, polisi wakapiga risasi na watu wakafa. Tukio hilo huitwa Vita vya Ng'ombe, na katika jamii hiyohiyo ya wakulima ndimo kilimozaliwa chama cha Raia wa Sultani, ambacho mwaka 1955 kilikuwa chanzo cha Hizbu.

Kwa upande wa maabara, serikali ya 1951 ilikuwa sahihi: chanjo ya kimeta hukinga ng'ombe. Lakini mkulima hakuwa akibishana na maabara. Alikuwa akibishana na mkono ulioshika sindano, ambao jana yake ulikuwa umechukua shamba. Serikali ilipokuja tena mwaka 1960 na kusema, kwa sauti ileile, kwamba hii nayo ni sayansi tupu, watu wa mashamba walikuwa na kipimo tayari. Walikwisha kuambiwa neno "sayansi" na serikali hiyo, na walikumbuka lilikuja na nini.

Kuuita msimamo huu ujinga ni kukosea. Ni aina ya maarifa, yaani maarifa ya kumpima msemaji kabla ya kuupima usemi. Mtu wa Uroa anayenunua samaki kwa mvuvi asiyemjua hafanyi vingine.

Masikio ya kisiwa

Jibu la pili linahusu njia za habari. Unguja ya 1960 haikuwa kisiwa kilichosubiri kuhabarishwa. Kulikuwa na Sauti ya Unguja, redio ya serikali iliyoanza mwaka 1951. Kulikuwa na magazeti ya vyama na jumuiya: Mwongozi lililoegemea Hizbu, Afrika Kwetu lililosimama upande wa Waafrika na Afro-Shirazi, na jarida la Babu la ZaNews. Na juu ya hayo yote kulikuwa na sauti za nje. Redio Cairo ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1954, na mmoja wa watangazaji wake waliosikilizwa mno alikuwa Mzanzibari, Ahmed Rashad Ali. BBC ilianza matangazo yake ya Kiswahili mwaka 1957. Peking ilifuata 1961, Sauti ya Amerika 1962, na Deutsche Welle 1963. Lugha ya kisiwa hiki, ambayo ndiyo msingi wa Kiswahili Sanifu, ilikuwa imegeuka kuwa uwanja wa mashindano ya dunia nzima. Mtu aliyekuwa na redio, au jirani mwenye redio, aliweza kusikia jambo moja likisemwa kwa njia tatu zinazopingana kabla ya kulala, na asubuhi likajadiliwa barazani.

Msikilizaji wa aina hiyo hadanganyiki kirahisi, lakini pia hashawishiki kirahisi. Yeye hulinganisha. Na mwaka 1960 ulikuwa na mengi ya kulinganisha. Mwezi Februari Ufaransa ililipua bomu la nyuklia katika Sahara, katika ardhi ya Waafrika ambao hawakuulizwa, na kilio cha kupinga kikaenea bara zima. Mwezi Mei ndege ya Kimarekani ya U-2 ilidunguliwa ndani ya Urusi. Washington kwanza ilitangaza kwamba ilikuwa ndege ya kuchunguza hali ya hewa, na NASA ndiyo iliyotumiwa kutoa maelezo hayo. Siku chache baadaye ikabidi ikiri kwamba ilikuwa ya kijasusi. Miezi mitano baada ya hapo, taasisi hiyohiyo ikaomba kuaminiwa Tunguu. Katika vitabu vingi vya taaluma hii, mambo haya mawili hayawekwi katika ukurasa mmoja, ilhali kwa mtu aliyekuwa akisikiliza redio mwaka ule yalikuwa habari za msimu mmoja.

Wala dai la usafi wa kiraia halikuwa kamili. NASA ilianzishwa mwaka 1958 ikiwa taasisi ya kiraia, hilo ni kweli. Lakini roketi ya Atlas iliyomrusha Glenn ilibuniwa kwanza kuwa kombora la masafa marefu, na wanaanga wote saba wa Mercury walikuwa marubani wa kijeshi. Tunguu yenyewe haikuwa na silaha, na Hizbu walitia chumvi walipodai kinyume chake. Hata hivyo chumvi ile ilitiwa katika chakula kilichokuwapo. Diplomasia ya umma ya Marekani ingeweza kusema wazi: chombo ni cha sayansi, mbeba chombo ni mtoto wa kombora, na sisi tunaomba radhi yenu kwa sababu hizi na hizi. Haikusema hivyo, kwa kuwa haikujiona inaomba. Radhi ilikwisha kupatikana London.

Chama kilichopinga kinapotawala

Kisa kingekuwa chepesi kama kingeishia hapo, mkoloni upande mmoja na umma upande wa pili. Lakini matukio ya 1961 yanakivuruga. Uchaguzi wa Januari ulitoa matokeo ya kukaribiana mno, Afro-Shirazi viti 10, Hizbu 9 na ZPPP 3, na serikali haikuundika. Uchaguzi uliporudiwa mwezi Juni, machafuko yaliua watu 68, na Hizbu ikaingia madarakani kwa muungano na ZPPP chini ya Waziri Kiongozi Muhammad Shamte. Chama kilichoongoza maandamano ya kupinga kituo sasa kilikuwa serikalini.

Kituo hakikuondoka. Chini ya serikali hiyo kilifuatilia chombo kisicho na mtu mwezi Septemba 1961, sokwe Enos mwezi Novemba, kisha Glenn, Carpenter na Schirra mwaka 1962, na Gordon Cooper aliyezunguka dunia mara 22 mwezi Mei 1963. Kazi yote ya Mercury yenye kuzunguka dunia ilipita Tunguu wakati Hizbu ikitawala.

Tafsiri moja ni kwamba upinzani wa 1960 ulikuwa hila ya kura, na hila hiyo ilipotimia ikatupwa. Kwa baadhi ya viongozi hilo lina ukweli. Ila halitoshi, kwa sababu mrengo wa Babu haukubadilika. Babu alifungwa mwaka 1962 kwa uchochezi, na alipotoka mwaka 1963 alijitenga na Hizbu na kuunda Umma Party. Ufa huo ulikuwa na sababu nyingi, na uhusiano na mataifa ya nje ulikuwa mojawapo. Kwa maneno mengine, ukimya wa serikali kuhusu Tunguu kati ya 1961 na 1963 haukuwa ridhaa ya umma. Ulikuwa ridhaa ya serikali, ya pili baada ya ile ya 1960, na kwa mara ya pili swali halikurudishwa kwa waliokuwa wakiishi jirani na mitambo.

Wanadiplomasia waliufasiri ukimya huo kuwa ushindi. Huenda hili ndilo kosa kubwa zaidi katika kisa chote, kubwa kuliko lolote la 1960. Mwaka 1962 chombo cha Glenn kilitembezwa katika miji mingi ya dunia, na safari hiyo ya maonesho ikaitwa kwa utani mzunguko wake wa nne. Watu walipanga foleni kukiona. Ilikuwa diplomasia ya umma ya hali ya juu, yenye kitu cha kushikika, karibu na ile ya merikani. Lakini foleni ya kutazama si kura ya kuridhia. Mtu anaweza kukiajabia chombo na bado asitake antena zake shambani kwake.

Aprili 1964

Tarehe 12 Januari 1964, siku 33 baada ya uhuru, Mapinduzi yaliiangusha serikali. Siku iliyofuata manowari ya Marekani Manley iliwaondoa raia wa Marekani 61, na 16 kati yao walikuwa wafanyakazi wa kituo. Baada ya muda mfupi Frederick Picard, aliyekuwa akiuongoza ubalozi mdogo, alifukuzwa. Marekani ilichelewa hadi Februari kuitambua serikali mpya, ilhali Ujerumani Mashariki, China na Urusi zilikuwa zimekwisha kuitambua. Mwezi Aprili Rais Abeid Karume aliagiza kituo kiondolewe, na kabla mwezi kwisha Tunguu ilikuwa kimya. Tarehe 26 ya mwezi huohuo Muungano na Tanganyika ukazaliwa.

Chama cha Karume hakikuwa mstari wa mbele katika kampeni ya 1960. Hiyo ilikuwa kazi ya mahasimu wake. Serikali iliyokiondoa kituo ilikuwa na Babu kama waziri wa mambo ya nje, lakini amri ilikuwa ya Karume. Jambo hili linaonesha kwamba swali la ridhaa halikuwa mali ya chama kimoja. Lilikuwa limelala, likingoja yeyote atakayekuwa na uwezo wa kulijibu, na serikali mpya ililijibu bila kuwauliza wananchi kama zilivyofanya mbili za kabla yake. Katika hilo, amri ya Aprili 1964 inafanana na saini ya Oktoba 1960 zaidi ya ilivyozoeleka kukubaliwa.

NASA ilihamishia kazi hiyo Madagaska. Kituo cha huko nacho kilifungwa mwaka 1975, baada ya serikali ya kimapinduzi kushika madaraka Antananarivo.

Neno moja kwenye simu

Tukio la mwisho ni dogo, lakini kwa somo la mawasiliano ya kimataifa pengine ndilo lenye mafunzo mengi zaidi. Mwezi Januari 1965 Frank Carlucci, aliyekuwa akiuongoza ubalozi mdogo wa Marekani Unguja, na Robert Gordon, ofisa mwandamizi wa ubalozi wa Dar es Salaam, walifukuzwa nchini kwa tuhuma za kula njama dhidi ya serikali. Ushahidi ulikuwa mazungumzo yao ya simu yaliyonaswa. Kwa maelezo ya upande wa Marekani, wawili hao walikuwa wakijadili namna ya kuishawishi Washington itume salamu za kuadhimisha mwaka wa kwanza wa Mapinduzi, na mmoja wao alitumia neno la Kiingereza lenye maana ya risasi, akikusudia hoja za kuwashawishi wakubwa wao. Aliyesikiliza alisikia risasi. Washington ililipiza kwa kumfukuza ofisa wa ubalozi wa Tanzania, na Mwalimu Nyerere akamwita nyumbani balozi wake.

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa kama kichekesho cha tafsiri. Hakipaswi kuishia hapo. Tafsiri ya neno lile iliegemea kwa upande wa risasi kwa sababu ya kila kilichotangulia: U-2, Tunguu, kuchelewa kutambuliwa kwa serikali, na manowari bandarini siku moja baada ya Mapinduzi. Msikilizaji yeyote anapokuta neno lenye maana mbili huchagua ile inayolingana na anavyomjua msemaji. Na kwa watu hawa wawili, kichekesho kina uchungu wake, kwani neno lililowafukuzisha lilisemwa katika jitihada za kuipongeza serikali iliyowafukuza. Mwaka huohuo, ng'ambo ya pili ya Atlantiki, Gullion alikuwa akiipa taaluma jina.

Waliobaki kisiwani

Nafasi iliyoachwa haikukaa wazi. Ujerumani Mashariki ilijenga nyumba za ghorofa Kikwajuni, na madaktari wa China kutoka jimbo la Jiangsu walianza kuja mwaka 1964, desturi inayoendelea hadi leo. Mataifa haya nayo yalikuwa na mashindano yao, na uhusiano wa Karume na Wajerumani ulipoa kadiri miaka ilivyosonga. Lakini nyumba ilikaliwa na daktari alitibu, na kwa hiyo mwananchi alikuwa na kitu cha kupima kwa mkono wake, kama alivyopima merikani. Haifuati kwamba wageni hawa waliomba ridhaa ya watu, hawakuiomba. Tofauti ni kwamba walichokileta kilikuwa na manufaa ambayo mtu wa kawaida hakuhitaji kuyaamini kwa maneno. Tunguu haikuwa na kitu cha namna hiyo cha kumpa jirani yake. Manufaa yake yote yalikuwa juu, yakipita kwa kasi kuelekea Australia.

Leo Tunguu ina antena za aina nyingine. Kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar iko hapo, na Chuo Kikuu cha Zanzibar hakiko mbali. Bweleo, kusini mwa mji, India ilifungua mwaka 2023 tawi la IIT Madras, tawi la kwanza la taasisi za IIT nje ya India. Masomo ya shahada za juu yenyewe yamekuwa chombo cha diplomasia ya umma: ufadhili, kubadilishana wahadhiri, vituo vya lugha za kigeni. Mwanafunzi wa uzamili anayesoma uhusiano wa kimataifa Unguja anaisoma taaluma huku akiwa yeye mwenyewe mlengwa wake, na vitabu anavyopewa vimeandikwa kwa sehemu kubwa na wanaotuma ujumbe. Vinapima ujumbe ulifika wapi. Havipimi sana ulipofika ulikuta nini.

Kwa kisa cha Tunguu, upande huo wa pili bado unaweza kupatikana, ila si kwa muda mrefu. Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani zina magazeti ya vyama na mafaili ya serikali ya wakati ule. Mafaili hayo yalihifadhi kilichoandikwa na maofisa na wahariri, na mazungumzo ya baraza hayakuwa kazi yao. Aliyekuwa na miaka 20 wakati saini ya London ilipotiwa sasa amepita 80. Wazee wa umri huo wapo Uroa, Chwaka, Dunga na Tunguu yenyewe. Wapo waliofuturu jioni ile ya Februari 1962 huku mwezi mpevu ukipanda upande wa bahari, na wanaweza kueleza waliambiwa nini kuhusu mitambo ile, waliambiwa na nani, na wao kwa wao waliiitaje.